Flati ya Mama

9 Februari

Mdogo wangu Kitinda,

Salamu umezipata, afya tunayo, tuyaache hayo. Kilichonikalisha chini kuandika ni kwamba mama anataka flati, hizi TV nyembamba za siku hizi.

Nasema "anataka" kwa kukosa neno lingine. Anaamka na flati, analala na flati. TV yetu ya kichogo, ile aliyoinunua marehemu baba, ambayo watu wawili wazima hawawezi kuihamisha bila kulaumiana, bado inafanya kazi. Narudia, maana ugomvi wote uko hapo: inafanya kazi. Mama anasema ina ukungu. Mwanzoni alisema ukungu uko pembeni, nikahangaika na antena mpaka shingo ikaniuma. Baadaye akasema umeingia katikati, nikamwita fundi wa kona. Fundi akafungua kile kichogo, akapuliza vumbi, akafunga, akawasha, akasema, "Mama, picha kama hii hata mimi kwangu sina." Mama akamjibu, "Ndiyo maana unashinda kwenye za wenzako." Alipoitwa tena hakugusa hata bisibisi. Alikunywa chai, akaniambia mlangoni, "Dada, siwezi kutibu kisichoumwa." Siku hizi akiniona njiani anavuka barabara.

Ningekuwa nimepumzika kama si dobi, jirani yetu wa ng'ambo ya ukuta. Yeye kanunua flati. Akaja na pasi mkononi kumweleza mama kwamba kwenye flati jasho la mchezaji unaliona, nyasi za uwanja unaziona moja moja, na kwamba kwa flati hata kipofu anaona. Basi, tumekwisha. Tangu siku hiyo kila anayeingia hapa anaulizwa, "Kwenu mna flati au mna kichogo?" Muuza maji kaulizwa. Mwalimu aliyekuja kupimwa suruali kaulizwa nikiwa nimeshika futi kiunoni mwake. Nilichoka, nikamuuliza mama, hivi flati kwako ni nini hasa? Akasema, "Ni TV inayoonekana." Nikamwambia, na hii yetu je? Akasema, "Hii inasikika."

Na kazi hataki. Unakumbuka nilivyokuwa nikirudi na magauni ya watu, yeye ananitungia sindano na kunishonea vifungo huku tunapiga soga. Sasa nikimpa sindano anasema amestaafu. Kastaafu sindano, kastaafu kuchagua mchele (juzi nimetafuna jiwe mpaka nikaona nyota), lakini kudai flati hajastaafu. Ameniamuru nikuandikie, nimeandika. Ukiniuliza mimi, nasema usitume. Atapata flati, kesho atataka nyingine.

Dada yako


27 Februari

Dada,

Barua imefika na lori la mboga. Nimecheka, kisha nikaudhika, kisha nikacheka tena.

Kwanza tuelewane kuhusu hilo neno. Acheni kusema flati. Huku mgodini nikisema flati wenzangu wananitazama kama nimetoka pangoni. Bwaloni TV ni nyembamba, ofisini nyembamba, chumbani kwa mkuu wa kambi nyembamba, kwa hiyo watu wanasema TV, basi. Nani anayesema maji ya kimiminika? Flati ni neno la mtu mwenye kichogo nyumbani. Siku vichogo vitakapoisha, na neno litakwenda navyo. Tena halielezi kitu. Kilicho bapa ni kioo, na zamani ziliuzwa za kichogo zenye kioo bapa, nazo wakaziita flati hivyohivyo. Mimi ni fundi umeme, haya mambo yananikera.

Pili, natuma. Usinibishie. Dada, katika miaka yote niliyokaa huku nimemuuliza mama anataka nini, na kila mara ananijibu nimwombee afya. Afya siuziwi dukani. Hii ni mara ya kwanza ametamka kitu chenye umbo, na mimi nina mkono wa kukifikia. Sijafika nyumbani miaka minne. Likizo yangu kila mwaka huangukia wakati jenereta kubwa linafunguliwa kufanyiwa matengenezo, na asiyekuwepo siku hiyo hukuta nafasi yake imekaliwa. Niache angalau hili nilifanye.

Dereva atashusha boksi mlangoni. Libebwe likiwa wima. Kioo kisisukumwe kwa kidole wala kufutwa kwa kitambaa cha maji, ni chembamba kuliko unavyodhani. Fundi wa kona mbembeleze arudi. Kichogo msikitupe, nitakuja kukitazama.

Na mwambie mama aseme TV.

Kitinda


21 Machi

Mdogo wangu,

Flati imefika. Nitaiita flati mpaka nizikwe, maana dereva wako alisimama mlangoni akapaza sauti, "Mzigo wa flati!" na mtaa mzima ukatoka. Ulitaka nimsahihishe?

Fundi wa kona alikuja mbio kana kwamba hajawahi kunikimbia maishani. Dobi alikuja. Mke wa dobi alikuja na viti vyake. Kichogo tulikihamishia chumba cha kushonea, na tulilaumiana kama kawaida. Mama alioga, akavaa gauni lake la harusini, lile la kola niliyomshonea mimi, akakaa mbele kabisa, mikono magotini kama mtu anayepigwa picha. Nikiri kwamba moyo ulinilainika. Nilisema moyoni, mwache apate raha yake.

Fundi akawasha. Watu wote wakasema "Aaa!" Picha safi, mdogo wangu, sikufichi. Dobi alikiri kwamba rangi zake zinashinda za flati yake, na ilimuuma. Fundi akamuuliza, "Haya mama, unaonaje?" Mama akasema, "Imeshawashwa?"

Watu wakaangua kicheko. Unamjua mama kwa utani wake wa uso mkavu. Yeye hakucheka. Akasema, "Safi. Safi kabisa. Mwanangu amenitendea." Halafu akasema kelele za watu zimemuumiza kichwa, akainuka akaenda kulala. Jua bado kali nje! Nilimfuata, nikamkuta amegeukia ukuta. Nikamwambia mama, muda wote huu umetuimbia flati, flati si hiyo? Akasema, "Ndiyo hiyo. Niache nilale."

Nieleweshe wewe, kwa kuwa mimi nimeshindwa. Ule ukungu hautajwi tena, hilo nashukuru. Lakini raha niliyoitegemea sijaiona. Kazi yake sasa ni kukisogelea kioo mpaka pua inakaribia kugusa, na kukipapasa. Nimemwambia ulivyosema kuhusu vidole. Anaitikia vizuri, nikirudi jioni kioo kina alama za vidole pembe hadi pembe, kama nyumba ina mtoto wa miaka miwili. Nafuta, zinarudi.

Wiki ijayo naenda shule ya bweni kupima sare za wanafunzi, nitalala hukohuko mpaka nimalize. Mke wa dobi atamletea chakula.

Dada yako


4 Aprili

Mwanangu mpenzi, baba yangu,

Hii ni sauti ya mama yako. Mkono ni wa jirani yetu dobi, kwa kuwa wangu siku hizi unatetemeka na dada yako yuko kwenye sare zake.

Nakushukuru kwa TV. Naisema TV kama ulivyoagiza, ingawa dobi hapa anasema flati ni flati. Naiona vizuri sana. Mtangazaji wa taarifa ya habari naweza kumhesabu nywele. Jana alivaa koti la buluu na tai, kapendeza. (Hapo mimi mwandishi nimemkumbusha mama kwamba wa jana alikuwa mwanamke. Amesema niandike ninachoambiwa.) Rangi zake, mwanangu, sijui niseme nini. Nashinda nayo. Umenitoa gizani.

Sasa sikiliza. Usihangaike kuja. Njia ni mbaya na kazi ni kazi, usije ukapoteza nafasi yako kwa ajili ya kumtazama mwanamke mzee ambaye hana shida yoyote. Mimi mzima. Mtu akikuandikia kwamba kuna jambo haliko sawa hapa, usimsikilize, dada yako anachoka na kazi na akichoka anaona mambo makubwa.

Kula vizuri. Usishike nyaya ukiwa umechoka.

Mama yako

Nyongeza ya mwandishi: Mimi dobi nakusalimu sana. Sahihi ya mama nusu ipo hapo juu na nusu imebaki kwenye meza yangu ya pasi. Karatasi ilikuwa ndogo.


12 Aprili

Kitinda,

Leo salamu sina.

Nimerudi kutoka shuleni mgongo umekufa kwa kuinamia viuno vya watoto wa watu. Nimefungua mlango, mama amekaa mbele ya flati, anatabasamu. Flati imepasuka. Sisemi imekwaruzika. Ufa umeanzia kona ya chini ukapanda hadi juu, upande mmoja wote ni mweusi tii, na upande mwingine ni michirizi ya kijani na zambarau inayochezacheza. Sauti iko sawa. Hapo katikati ya ule ufa kuna alama ya kiganja.

Nikauliza nani kavunja. Mama akasema, "Kavunja nini?" Nikasema mama, flati! Akageuza uso, akasema, "Picha iko sawa. Mimi naona vizuri." Nikamsimamisha mke wa dobi, akaapa kwamba siku zote alizoleta chakula ilikuwa hivyo, na kila akitaka kusema, mama anasifia picha, akadhani labda flati za kisasa ndivyo zilivyo.

Sasa nimeelewa, na nitakuambia nilichoelewa hata kama kitakuuma. Kichogo kizima alikiona kina ukungu. Flati iliyokufa anaiona safi. Kwa nini? Kwa sababu kichogo nilikuwa nakifuta vumbi mimi, na flati umeleta wewe. Ungeleta sinia la bati ukaliegemeza ukutani, angelisifia. Mwenye macho haambiwi tazama, lakini huyu nimemwambia tazama, mama, tazama! na bado ananiambia anahesabu nywele za mtu.

Mimi ndiye ninayeamka kumpashia maji. Mimi ndiye niliyekataa posa ya yule mwenye duka la vitambaa kwa sababu alitaka tuhamie mbali. Sijawahi kusikia akisema pindo langu limenyooka. Wewe umetuma boksi moja, umekuwa mfalme.

Nimechoka, Kitinda. Nimechoka naye, nimechoka na wewe, nimechoka na hilo neno flati. Njoo uitazame mwenyewe.

Dada yako


30 Aprili

Dada,

Barua ya mama na yako zimekuja na lori moja. Mmoja ananiambia nimemtoa gizani, mwingine ananiambia TV ni nyeusi. Mmoja wenu anasema uongo, na mama hajawahi kunidanganya.

Ametaja mpaka koti la buluu. Mtu anatungaje koti la buluu?

Nilieleza kuhusu kioo kwa lugha nyepesi kabisa. Kama umekigonga na meza yako ya kukatia, au vitambaa vyako vimekiangukia, ungesema tu. Vitu huvunjika. Lakini kuvunja, kisha kumsingizia mama wa watu, kisha kunigeuzia mimi kesi ya nani anapendwa, hiyo sikuitegemea kwako. Hukutaka nitume tangu mwanzo, uliandika kwa mkono wako mwenyewe. Wivu wa nini katika umri huu?

Usiniandikie mpaka utakapokuwa tayari kusema ukweli.

Kitinda


25 Mei

Kitinda,

Niko tayari kusema ukweli. Kaa chini kwanza.

Barua yako niliisoma nimesimama. Nikaenda nayo kwa mama, nikamsomea yote, mpaka pale pa wivu. Nilitaka aone aibu. Nikamwambia, "Mwanao ananiita mwongo kwa ajili yako. Haya, tuamue leo. Kuna nini kwenye kioo?" Kulikuwa na sauti ya mwanamume inayoeleza habari za samaki wa vilindini. Mama akasema, "Mtangazaji." Nikasema amevaa nini. "Koti." Koti gani? "Mwanangu, koti tu." Nikasema mama, hata kama kioo kingekuwa kizima, hapo wangekuwa samaki. Hakuna mtu hapo. Hakuna chochote hapo, kumekuwa kweusi tangu mwezi uliopita!

Mama akanyoosha mkono kunitafuta, na mkono ukapita pembeni yangu. Nilikuwa mbele yake, Kitinda, karibu kama karatasi hii ilivyo karibu na wewe, na mkono ulinipita ukashika hewa.

Nilimshika. Akasema, "Usimwandikie." Hilo ndilo neno la kwanza alilosema.

Basi akanieleza, na mimi nitakueleza kama alivyosema, maana sina nguvu ya kupamba. Anasema alidhani kweli ni TV. Ukungu ulianzia kwenye TV, na jioni ndiyo kitu pekee alichokuwa anakikazia macho, kwa hiyo aliilaumu TV. Uani aliona ukungu, akasema ni moshi wa majirani. Tundu la sindano lilipopotea, akasema sindano za siku hizi ni mbovu. Halafu kila mtu aliyetaja flati alitaja kuona: naona jasho, naona nyasi, hata kipofu anaona. Akaniambia, "Mimi nilidhani flati ndiyo maana yake, mtu kuona." Akangoja flati kama wengine wanavyongoja daktari. Siku fundi alipoiwasha, watu wakasema "Aaa!" na mbele yake hapakubadilika kitu. Ndipo alipojua. Katikati ya kadamnasi, kavaa gauni langu la kola, ndipo alipojua kwamba ukungu ni wake mwenyewe. Na alichofanya ni kukusifia, akaenda kugeukia ukuta.

Ule ufa ni wake. Alikuwa akipapasa kioo kutafuta kama kuna mwanga wowote anaoweza kuuhisi, akajikwaa, akakiegemea kwa uzito wote. Alisikia kikilia. Hakujua kilichotokea mpaka niliporudi na kupiga kelele.

Nilimfokea, Kitinda. Nilimfokea huku nalia, nikamwambia mficha maradhi kifo humuumbua, nikamwambia umetufanya wajinga. Yeye ananipangusa machozi anakosea shavu. Nina hasira naye mpaka leo. Nina hasira na mimi, niliyetafuna mawe kwenye mchele nikadhani ni uvivu. Na wewe uliyeandika kwamba hajawahi kukudanganya, ningeanza na wewe, lakini nimeona nisipoteze wino.

Tumekwenda hospitali. Daktari wa macho ni msichana mdogo asiyezunguka maneno. Jicho la kulia limekwisha, presha ya macho imekula mshipa, halirudi. Amesema tungekuja mapema lingeokolewa. Alisema hivyo akinitazama mimi. La kushoto lina mtoto wa jicho, na presha imeanza kulinyemelea nalo. Watamtoa huyo mtoto wa jicho mwezi ujao, kisha matone kila siku bila kukosa. Anaweza kuona tena kwa hilo moja. Kwa muda gani, daktari hajui na hakutaka kunidanganya.

Dada yako


9 Juni

Dada yangu,

Barua yako imenikuta juu ya ngazi, nikashuka.

Nilikuita mwongo, nikakuita mwenye wivu. Sijui nianzie wapi. Nisamehe. Nimeirudia ile barua ya mama, ile ya koti la buluu, na kila mstari unanipiga kofi. "Umenitoa gizani." Na mimi niliisoma bwaloni kwa sauti, watu wakanipongeza.

Siwezi kukaa bure. Nimeshaongea na dereva, akipita mjini achukue TV nyingine, kubwa kuliko ile, kubwa kupita ya mkuu wa kambi. Akitolewa bandeji akute kitu kinachomsubiri. Nitaagiza na kibao cha kuifunga ukutani, juu, asiifikie. Vilevile miwani mizuri, na taa yenye mwanga mkali kwa ajili ya chumba chake.

Likizo nimeulizia. Mkuu anasema jenereta linafunguliwa mwezi wa nane na mimi ndiye ninayelijua, tuongee mwisho wa mwaka. Mwambie mama kwamba mwisho wa mwaka nakuja bila shaka. Mwambie avumilie matone hata kama yanawasha.

Niambie saa ile ile bandeji itakapotoka.

Kitinda


2 Julai

Kitinda,

Naandika mwenyewe. Herufi ni kubwa kwa sababu jicho ni moja na bado linajifunza kazi. Usinicheke. Dobi alikuja na kalamu yake, nimemrudisha.

Bandeji imetoka. Daktari alisema nisiwe na haraka, nifungue polepole. Mbele yangu alikuwa amekaa mwanamke mwenye mvi, amevaa miwani, mabega yameinama, anauma kucha. Nikamsalimia, shikamoo. Nilidhani ni mgonjwa mwenzangu. Akasema, "Mama, ni mimi."

Ni dada yako. Mwanangu, dada yako amezeeka! Nani alimruhusu? Nimeishi naye nyumba moja, nimekula mkononi mwake, sikujua. Nilikuwa naye kichwani kama alivyokuwa siku tulipomzika baba yenu, kijana, kasuka nywele, anatembea kama anadaiwa na barabara. Nilimwuliza kwa nini hakuniambia ana mvi. Akasema, "Hukuniuliza." Nikamwuliza kwa nini amekonda. Akasema nisimwanze. Tukagombana pale pale mbele ya daktari, mpaka daktari akatoka akatuachia chumba. Sasa namtazama kutwa, akishona, akikata kitambaa, akipiga miayo. Anasema nimemchosha, niangalie pengine. Pindo lake limenyooka kama mstari wa daftari. Nimemwambia. Amekasirika, amesema nimechelewa, kisha ameingia jikoni na hakutoka mpaka chakula kikaungua.

Sasa wewe. Dada yako amenisomea barua yako yote, na kubwa kupita ya mkuu, na kibao cha ukutani, na taa. Umeniudhi. Nilimkuta dereva bado hajapita mjini, nimemwambia asinunue kitu. Mnaniwekea vitu vya kutazama kama vile mimi ni dirisha la duka. Sikutaka flati wala kichogo wala hiyo unayotaka tuite TV. Nilitaka kuona, na sikujua namna ya kusema.

Nitakuambia neno ambalo hata dada yako sijamwambia, kwa hiyo funga mlango. Nilipokuwa gizani nilikaa nikiwapitia watu wangu mmoja mmoja ili nisiwapoteze. Baba yenu anakuja mzima. Dada yako alikuja kijana, na umeona nilivyomkosea. Wewe, baba, hukuwa unakuja. Sauti inakuja, kicheko kinakuja, ukucha wako uliopondwa na mlango unakuja. Uso hauji. Nakaza, unakuja uso wa mtoto wa darasa la kwanza aliyeng'oka meno, na najua kwamba si wewe tena. Mimi niliyekuzaa, uso wako nimeusahau.

Jicho lipo leo. La mwisho wa mwaka sijaahidiwa na mtu. Jenereta litafunguliwa na atakayekuwepo, na kama nafasi yako itakaliwa, utatafuta nyingine. Nimekwisha kusema usihangaike kuja. Nilisema uongo, tena kwa mkono wa dobi.

Dereva amekubali kukusubiri upakie nguo. Njoo ulivyo, hata kama una ndevu, hata kama umekonda, usijitengeneze kwa ajili yangu. Nikusalimie kwa jina lako kabla hujafungua mdomo.

Mama